Kiboksi Kimegoma: Kutafuta Ubovu wa Kompyuta Ndogo ya Sebuleni

Kompyuta ndogo kama ASUS NUC, Gigabyte Brix na ASRock DeskMini mara nyingi huuzwa zikiwa tupu: ganda, bodi na adapta, basi. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) unajinunulia, diski unajinunulia, programu endeshi unaweka mwenyewe, na kwa DeskMini hata prosesa ni juu yako. Ndiyo maana malalamiko yanayonifikia yanafanana sana. Mtu ameshuka Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki jijini Nairobi, amenunua kiboksi duka moja na RAM duka la pili, diski amepewa na rafiki, jioni akaviunganisha mezani, akabonyeza swichi, kimya. Kiboksi ndicho hulaumiwa kwanza, na mara nyingi hakina kosa. Kosa liko kwenye kitu kilichoongezwa ndani yake, au kwenye stima inayokilisha.

Kwa hiyo anza nje, kisha uingie ndani. Kabla ya kufungua skrubu yoyote, zima kompyuta, chomoa adapta ukutani, ushikilie swichi ya kuwashia kwa sekunde 15 ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha ganda kabla ya kugusa bodi, hasa Januari na Februari hewa inapokuwa kavu na sebule ina kapeti. Fanyia kazi mezani, usifanyie kitandani.

Haiwaki kabisa: hakuna taa, hakuna feni

Chomeka chaja ya simu pale pale adapta ilipokuwa. Simu isipochaji, tatizo si la kompyuta. Ekstensheni za bei rahisi hulegea kwa ndani, plagi ya pini tatu ina fyuzi yake, na tokeni za stima nazo huisha.

Soketi ikiwa nzima, nenda kwenye adapta, maana hapa ndipo ubovu mwingi wa aina hii ulipo. Soma maandishi yaliyo mgongoni mwake uyalinganishe na yale yaliyo chini ya kiboksi. Viboksi vingi hutumia volti 19, vingine vidogo vyenye prosesa kama Intel N100 hutumia volti 12, na ncha ya adapta moja inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye tundu la kiboksi kingine. Kuingia kwake hakuonyeshi kwamba inafaa. Volti lazima zilingane; ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. DeskMini X300, kwa mfano, huja na adapta ya volti 19, wati 120. Ukiipa ya laptopu ya wati 65 inaweza kuwaka, utazame hata sinema nzima, kisha izime ghafla gemu inapoanza kupakia.

Kuna kosa moja ambalo sasa naliona sana. Nyumba nyingi za Nairobi zimenunua kile kibetri kidogo cha ruta ili Wi-Fi isikatike stima ikipotea. Watu wanajaribu kukitumia kwenye kompyuta ya volti 19 kwa sababu wamepata waya wenye ncha inayoingia. Hakiwezi kubeba mzigo huo. Ukitaka kompyuta iendelee stima ikienda, nunua UPS halisi (betri ya akiba ya kompyuta) inayotoa volti 240 na uchomeke adapta yako humo. Kama bajeti haitoshi, weka angalau TV guard, kwa sababu stima inaporudi kwa kishindo ndipo adapta nyingi hufa, na kifaa hicho husubiri umeme utulie kwanza ndipo kiuruhusu upite.

Mwenye mita ya kupimia volti apime ncha ya adapta ikiwa imechomekwa ukutani peke yake. Ikiwa inapaswa kutoa volti 19 na inatoa sifuri, au namba inapanda na kushuka, adapta imekwisha. Tafuta nyingine ya aina ileile.

Adapta ikiwa nzima, jiulize kama kiboksi kilifunguliwa hivi karibuni. Waya mwembamba wa swichi ya mbele huchomoka kirahisi mtu anapoinua kifuniko. Urudishe. Kisha toa RAM na diski zote, uwashe kiboksi kikiwa kitupu. Taa ikiwaka, mojawapo ya ulivyotoa kilikuwa kinazuia umeme. Rudisha kimoja kimoja hadi umjue mkosaji.

*Simama hapa* ukinusa harufu ya kuungua, ukiona alama nyeusi kwenye bodi, au kama kiboksi kilikufa palepale stima iliporudi na adapta nyingine sahihi haijasaidia. Hiyo ni kazi ya fundi wa bodi. Adapta nayo usiifungue kwa hali yoyote: kapasita zilizo ndani hushikilia chaji ya hatari hata baada ya kuchomolewa.

Taa inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote kwa viboksi vilivyonunuliwa vitupu. Yamalize ya nje kwanza: runinga iko kwenye HDMI ileile uliyochomeka? Kebo umeijaribu na kifaa kingine? Kama unatumia tundu la USB-C, fahamu kwamba si kila USB-C hutoa picha. Soma alama iliyo kando yake au kijitabu, na kwa majaribio tumia HDMI.

Baada ya hapo, RAM. Watu wengi huikalisha nusunusu kwa kuogopa kuivunja. Shika kipande kingoni, kielekeze kwenye mpenyo (sloti yake) kikiwa kimeinuka kama nyuzi 30, kilinganishe pengo lake na kijino cha mpenyo, kisha kisukume ndani mpaka ile mistari ya dhahabu ikaribie kumezwa yote. Kama robo yake bado inaonekana, hakijaingia. Hapo ndipo unakibonyeza kilale, na vibanio viwili vya pembeni vijifunge kwa mlio mdogo. Usiposikia mlio, anza upya. Ukiwa na vipande viwili, jaribu kimoja peke yake, kisha kingine, kisha kila kimoja kwenye mpenyo wa pili. Majaribio hayo manne yatakuonyesha kama kibovu ni kipande au ni mpenyo.

Bado giza? Angalia aina, yaani kizazi cha RAM. Kiboksi cha DDR4 hakipokei DDR5 wala DDR3L, hata kama zote ni za laptopu na urefu wake unakaribiana. DDR3L hutumia volti 1.35, DDR4 volti 1.2, DDR5 volti 1.1, na pengo la kila moja liko mahali pake ili zisichanganywe. RAM ikikataa kuingia, usiilazimishe. Na RAM ndefu za kompyuta kubwa ya mezani haziingii hata kidogo kwenye viboksi hivi. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba unataka ya laptopu, na utaje DDR4 au DDR5.

Kwa DDR5 kuna jambo linalowatisha watu bure. Mara ya kwanza kuwashwa, au baada ya kubadilisha RAM, bodi hutumia muda kujipima na kumbukumbu mpya, na wakati huo skrini huwa nyeusi kabisa. Inaweza kuchukua dakika kadhaa. Mtu anasubiri nusu dakika, anazima, anawasha tena, na kila akizima kazi inaanza upya. Iache dakika kumi, nenda kapike chai.

Ikishindikana, futa mipangilio ya BIOS, programu ndogo ya bodi inayoiamsha kompyuta. Chomoa stima, tafuta betri ya CR2032, ambayo kwenye viboksi vingi imefungwa kwa plastiki na ina vijiwaya viwili, chomoa kiungo chake, subiri dakika tano, kirudishe.

Wenye DeskMini wana sababu moja ya ziada: BIOS ya zamani isiyoijua prosesa mpya. Bodi iliyokaa dukani muda mrefu inaweza kukataa prosesa iliyotoka baadaye hadi BIOS isasishwe, na kuisasisha kunahitaji prosesa inayotambulika. Muulize muuzaji akufanyie kabla hujabeba mzigo. *Ukiona pini ya prosesa au ya soketi imepinda, usiinyooshe kwa sindano.* Ikivunjika hakuna wa kuirudisha. Mpe fundi mwenye hadubini.

Inawaka vizuri lakini haioni diski

Diski ndogo za M.2 hudanganya macho. Kuna za SATA na kuna za NVMe, namna mbili tofauti za kuwasiliana na bodi, na zote zinaweza kuingia mpenyo mmoja bila bodi kuzitambua zote. Bodi nyingine hukubali NVMe pekee, nyingine hubagua mpenyo kwa mpenyo. Soma kijitabu kabla ya kurudi dukani kugombana. Angalia pia urefu: namba 2280 ina maana upana wa milimita 22 na urefu wa 80; kama tundu la skrubu liko kwenye 2242, diski ndefu haitafungika. Diski isiyofungwa skrubu huinuka pembe moja na kupotea kila mara.

Ikiwa BIOS inaiona diski lakini kisakinishi cha Windows hakiioni, na prosesa ni Intel ya kizazi cha 11 au baadaye, shuku mpangilio uitwao VMD, njia ya Intel ya kusimamia diski. Uzime kwenye BIOS, au upakie draiva ya Intel RST wakati wa kusakinisha. Ufanye hivyo kabla ya kuweka Windows, kwa sababu kuuzima baadaye huifanya Windows iliyokwisha kuwekwa ishindwe kuamka.

Na jihadhari na diski za ukubwa wa ajabu kwa bei ya kutupa. Zipo zilizochezewa zijitangaze terabaiti mbili ilhali ndani zina sehemu ndogo tu ya hiyo. Zinajaa, kisha faili zinaanza kuharibika kimyakimya. Ijaribu kwa programu ya bure ya H2testw siku uliyoinunua, risiti ikiwa bado ina maana.

Inazima au inakuwa nzito katikati ya gemu

Tofautisha dalili mbili, maana dawa zake ni mbalimbali. Ikizimika kwa mkupuo mmoja, kana kwamba umechomoa waya, fikiria umeme: adapta dhaifu, ncha iliyolegea, ekstensheni mbovu. Rudi kwenye sehemu ya kwanza. Ikianza vizuri, feni ikapandisha sauti, kisha baada ya robo saa picha zikaanza kusuasua, hilo ni joto. Sakinisha HWiNFO, programu ya bure inayoonyesha joto, ucheze na iwe wazi. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 95 hadi 105 za selsiasi ili zisiungue.

Joto la viboksi vya hapa kwetu lina chanzo kikubwa kimoja, nacho ni mahali vinapowekwa. Kabati la runinga lenye mlango wa kioo ni jeneza la kompyuta. Kitoe, kiwe na nafasi ya kiganja kila upande, kisikae juu ya dikoda. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 15. Feni ikizunguka kwa kasi ileile hubeba joto pungufu kila mzunguko. Ubaridi wa Julai hufidia, lakini alasiri ya Februari ndani ya kabati haina wa kuifidia.

Baada ya nafasi, vumbi. Ukiishi karibu na barabara ya murramu huko Syokimau, Ruai au Rongai, miezi sita inatosha. Ukitoa feni utakuta kati yake na mapezi ya kipozajoto kuna utando wa kijivu, mnene kama sufi, uliofumwa na vumbi, nywele na nyuzi za kapeti. Ukipuliza kutoka nje hautoki, unajikandamiza zaidi. Ushike kwa kibanio pembeni uuvute mzima, kisha upulize mabaki kwa hewa ya kopo. Zuia mabawa ya feni kwa kijiti unapopuliza yasizunguke kwa kasi yakaharibu beringi. Usitumie mashine ya kunyonya vumbi juu ya bodi, kwani huzalisha umeme tuli.

Kiboksi kikiwa na umri wa miaka kadhaa na kusafisha hakujasaidia, huenda pesti ya joto iliyo kati ya prosesa na kipozajoto imekauka. Kuibadilisha ni kazi ya nusu saa kwa mwenye mkono mtulivu: futa ya zamani kwa spiriti, weka tone dogo la mpya, rudisha skrubu kwa mpangilio wa msalaba, kila moja kidogokidogo. *Lakini* kwenye viboksi vyenye prosesa ya laptopu silikoni iko wazi, haina kofia ya chuma, na kona yake ikimeguka bodi nzima imekwenda. Kama hujawahi, mlipe fundi. Bei yake si kitu ukilinganisha na bodi.

Joto likiwa sawa, stima ikiwa sawa, na bado Windows inaanguka kwa skrini ya buluu, iache MemTest86, programu ya kupima RAM, ikimbie usiku kucha. Kosa hata moja likitokea, RAM hiyo irudishwe.

Haizimi, haichemki, lakini gemu zinakwamakwama

Hapa mara nyingi hakuna kilichoharibika. Viboksi vingi vya aina hii havina kadi ya picha yenye kumbukumbu yake. Picha hutengenezwa ndani ya prosesa na kukopa RAM ya kompyuta. Ukiweka kipande kimoja cha GB 16 badala ya viwili vya GB 8, kwenye prosesa zenye njia mbili za kumbukumbu umeifungia njia moja. Kwa mtu anayetaka gemu, kuongeza kipande cha pili ndiyo pesa inayozaa kuliko zote, na ningemshauri aifanye hiyo kabla ya kufikiria chochote kingine. Isipokuwa kwa N100: ina njia moja tu, na vipande viwili havitaibadilisha.

Ingia BIOS uone kumbukumbu iliyotengewa picha. Mashine za AMD huweza kuwa zimepewa kiasi kidogo sana. Ukiwa na RAM ya kutosha ipandishe hadi GB 2 au 4. Weka Windows kwenye hali ya nguvu kamili, sakinisha draiva mpya ya picha, halafu ushushe azimio la gemu. Radeon 780M, sehemu ya picha iliyo ndani ya baadhi ya prosesa za AMD, huendesha gemu nyingi kwa 1080p mipangilio ikiwa ya chini au ya kati. N100 ni ya sinema, Kodi (programu ya kutazamia video) na gemu za zamani. Aliyekuuzia ukiwa na matumaini ya gemu mpya kubwa alikupotosha.

Picha na sauti kwenye runinga

Kingo za skrini zimekatwa: ni runinga inayokuza picha. Tafuta kwenye mipangilio yake ukubwa wa picha, uchague ule usiokuza. Sauti haitoki: Windows bado inaipeleka kwenye tundu la hedifoni, chagua runinga kwenye orodha ya vifaa vya sauti. Pedi ya gemu inachelewa ingawa iko kwa waya: washa hali ya gemu ya runinga.

4K inayoganda au kuishia 30Hz mara nyingi humaanisha tundu au kebo ya HDMI 1.4; 4K kwa 60Hz inahitaji HDMI 2.0 pande zote mbili na kebo inayobeba gigabiti 18 kwa sekunde. Netflix nayo ina masharti yake. 4K yake hudai HDCP 2.2 (kinga dhidi ya kunakili video) kuanzia kompyuta hadi runinga, na splita moja ya zamani katikati inatosha kuivunja. Kwenye Linux haitoi 4K kabisa, kwa hiyo usihangaike na kebo.

Pedi, kibodi na Wi-Fi zinakatikakatika

Sababu ya kwanza haijulikani na wengi: vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4GHz, yaleyale yanayotumiwa na kibodi zisizo na waya, Bluetooth na Wi-Fi ya kawaida. Intel yenyewe ilichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Kwenye kiboksi kidogo diski ya nje na kipokezi cha kibodi hukaa bega kwa bega, basi kelele inaingia moja kwa moja. Hamishia kipokezi kwenye tundu la USB 2.0, au ukiweke mwisho wa waya mfupi wa kuongezea, mbali na diski. Mara nyingi tatizo huisha palepale.

Kwa Wi-Fi, kwenye ploti yenye ruta kila mlango, kama kule Roysambu au Pipeline, hamia 5GHz. Kama mawimbi ni dhaifu hata ukiwa kando ya ruta, angalia ndani: vijiwaya viwili vya antena hujibandua kwenye kadi mtu anapofungua kiboksi. Vibonyeze wima kwa kidole. Ukivisukuma kwa pembeni vinavunjika. Viboksi vingine vitupu huja bila kadi kabisa, kwa hiyo soma boksi kwanza.

Saa inarudi nyuma kila stima ikipotea

Betri ya CR2032, ile inayotunza saa, imekwisha. Tarehe ikiwa mbaya, tovuti zitakataa kufunguka kwa onyo la usalama na watu hudhani ni intaneti. Nunua betri yenye waya na kiungo kilekile. Ukiwa ndani ya BIOS kurekebisha saa, tafuta pia mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi, uuweke kompyuta ibaki imezima. Kwa mtaa ambao stima hurudi na kukatika mara tatu ndani ya dakika moja, hilo huokoa diski.

Ukilazimika kumpelekea fundi

Toa diski yako ubaki nayo nyumbani, isipokuwa diski yenyewe ndiyo mgonjwa. Piga picha namba za RAM. Peleka adapta yako pamoja na kiboksi, kwa sababu fundi akijaribu kwa adapta yake na kikawaka, tayari jibu limepatikana. Mweleze ulichokwisha kujaribu na kwa mpangilio gani, na umwombe akuonyeshe sehemu iliyoharibika kabla hajaigusa. Akisema bodi imekufa bila kuipima kwa mita mbele yako, ibebe umwonyeshe mwingine.